Fundi wa Adhabu za Mashine

Fundi anayeifunza kompyuta kusoma picha za macho, pale kliniki ya macho mjini Hsinchu, ana vidole vyembamba na tabia ya kuvipuliza vitufe kama anapoza uji. Juu ya kompyuta kaweka pakiti ya kijani ya bisi, ya kijani tu, kama hirizi, ili mashine isimfanyie ukorofi. Ukiigusa, hakusemeshi mpaka jioni. Kazi yake ni kupanga adhabu, yaani alama za kukatwa: mashine ikikosea ichapwe kiasi gani, na ikisita, yaani ikisema haina hakika, ichapwe kiasi gani. Ukiichapa mno kwa kusita, inakuwa kama shemeji mlevi, haijui kitu na ina uhakika na kila kitu. Leo nesi Pei-shan kasimama nyuma yake, maana asubuhi mashine ilisema jicho la Mzee Liao ni zima, uhakika mia kwa mia, naye Pei-shan akamruhusu aende zake na pikipiki yake. Fundi akamenya yai lililochemshwa kwa chai, akaliweka mbele ya kamera. "Jicho zima," mashine ikajibu, kwa uhakika uleule. Pei-shan akamgeukia fundi.

"Kaka fundi, unacheka nini?"

"Sicheki, dada. Meno yananitoka kwa woga."

Akapuliza vitufe, akapunguza ile adhabu ya kusita, akaifunza upya. Saa nzima hakugusa hata maji. Kisha akairudishia picha ya Mzee Liao.

"Sina hakika. Mwite daktari," mashine ikajibu.

"Bosi atasema tumeitia ujinga," fundi akanong'ona. Pei-shan alishashika simu.

"Mzee, uko wapi? Shuka kwenye pikipiki. Kaa hapohapo, nakuja."