Kanzu ya Mtoto wa Hekaluni

Msichana wangu aliachishwa ziwa kwa kuwa nilikuwa na mimba nyingine, na kabla maziwa hayajanikauka mama mkwe akaja Kitale akamchukua kwenda naye Bungoma. Desturi ya kwao ni hiyo: mtoto akiachishwa analelewa na nyanyake. Mume wangu, karani wa ghala la mahindi, alimbebea mamake mzigo hadi kwenye basi. Mimi sikuulizwa kitu.

Mimba ile iliharibika. Nikasema basi, mtoto arudi. Mume akajibu kwamba nyanya ameshamzoea, kumnyang'anya ni kumtukana, na kwenda kwenda kumwona ni kumharibu mtoto. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena.

Majirani walipochoka kunisikia nikilia jikoni, wakaniletea mke wa mwinjilisti. Mama huyo alikuwa na namna yake ya kusoma Maandiko. Alisema kila mtu aliyemo mle ni hali ya moyo wako mwenyewe. Ukimwingia kwa mawazo, utageuka uwe kama yeye. Akanifungulia habari za yule mwanamke aliyemwomba Mungu mtoto kwa nadhiri, akampeleka hekaluni, akamwacha huko, akaimba kwa furaha.

"Funga macho, mama," akaniambia. "Uwe yeye mpaka moyo ulainike."

Nilifunga. Kusoma sikuanzia kwake. Sekondari nilifika wakati wasichana wa kwetu walikuwa wa kuhesabu. Kila asubuhi, macho nimeyafumba, nikapanda mlima wa hekalu na yule mwanamke, nikabishana naye njiani: wewe uliweka nadhiri kwa kinywa chako, mimi nani aliniuliza? Lakini nikaendelea, maana nilitaka kupona.

Halafu nikafika pale anapomshonea mtoto kanzu ndogo kila mwaka. Nikataka kushona na mimi. Nikatandaza kitambaa mezani, nikashika makasi, nikamwita mtoto kwa mawazo asimame nimpime. Akaja yule yule mdogo aliyekuwa bado anayumba akisimama. Bega lake sasa limefika wapi? Sikujua. Mama mzima, sijui kimo cha mwanangu.

Moyo uligeuka kweli, ila haukulainika. Niliacha makasi pale pale, nikapanda basi la Bungoma.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi na nyanyake. Aliponiona akajificha nyuma ya nyanyake. "Mayi," akamwita, neno lao la mama, "huyu ni nani?"

Mama mkwe hakuacha kupukuchua. "Wewe msomi," akasema, "mtoto si kitabu, ati ukiazimisha utarudishiwa vile ulikitoa."

Nikambeba hivyo hivyo. Aliniuma begani, akalia njia nzima akimwita Mayi wake, na wanawake waliokuwa wakipalilia wakasimama kunitazama kama mwizi. Mmoja akaja mpaka barabarani akauliza mtoto ni wa nani. Nikamwambia ni wangu. Hakuniangalia. Alimwangalia mtoto, akingoja aseme yeye.