Theluji ya Ukutani kwa Ardis

Ardis Lindqvist alikuwa mbishi, na ubishi wake ulimkaa vizuri. Kule kaskazini mwa Minnesota, theluji ikishatua, yeye hukamata koleo akairundika kuzunguka kuta za nyumba, upepo usipenye chini ya sakafu. Marehemu mumewe, Einar, alifanya hivyo, na baba yake Einar kabla yake. Binti yao Karin, aishiye mjini, hakutaka hata kusikia. Mama mzee, peke yake, na koleo! Akamtafutia chumba katika jengo la wazee, lenye lifti na supu kila mchana. Ardis akasema supu hiyo wainywe wao.

Baada ya kuvutana sana walipatana. Ardis angebaki kwake, ila tanuri kuukuu la kupashia nyumba joto litolewe, liwekwe jipya la gesi, na king'ora cha kunusa hewa ya sumu kitundikwe ukumbini.

"Kikilia, Mama, toka nje ndipo upige simu. Ukikizima tu, nakuja kukuhamisha."

"Sawa, bosi."

Asubuhi baada ya theluji kubwa ya kwanza, Ardis alirundika mpaka akamaliza kuta zote, akaingia ndani roho kwatu, akateleka kahawa. Alikuwa akiipuliza ipoe, king'ora kilipoanza kupiga kelele.

Alikitazama kwa hasira. Kiti kilikuwa karibu. Kupanda na kung'oa betri ni kazi ndogo. Akiita zimamoto, mji mzima utajua, na Karin atajua wa kwanza. Kwaheri nyumba, karibu supu. Lakini kichwa kilikuwa kizito, tena uzito usio wa kazi ya koleo, na Ardis aliogopa. Akavaa koti juu ya aproni, akamkwapua paka, akatoka mbio hadi kwa jirani yake Verlyn Maki, mzimamoto wa kujitolea.

Verlyn aliita wenzake. Wakaingia na barakoa, wakafunga gesi, wakafungua madirisha. Kisha Verlyn akaizunguka nyumba, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani.

"Ardis we! Njoo uone ulichozika!"

Tanuri la zamani lilitoa moshi juu ya paa. Hili jipya lilipumulia kwenye bomba la plastiki ukutani, usawa wa goti, na Ardis alikuwa amelifukia na kulishindilia kabisa, hewa ya sumu ikarudi ndani.

"Einar angekucheka leo."

"Einar angelizika kabla yangu, nyamaza."

Karin alifika uso umemshuka. Ardis hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi niliyeliziba. Nifunge mizigo?"

"Ulikizima king'ora?"

"Nilitamani. Sikukizima."

Karin akamkumbatia, akamshikilia mpaka paka akalalamika. Halafu akachukua koleo, akafukua bomba, akaacha uwazi mpana kulizunguka na kusimika kijiti chekundu kando yake, lisizikwe tena. Ardis alidhani ataibomoa theluji yote. Badala yake, Karin alianza kuziba upande uliokanyagwa na wazimamoto.

"Unarundika ovyo, mtoto wewe."

"Basi nifundishe, mwakani nisikuaibishe."

Ardis alilisikia hilo neno, mwakani. Akageuza uso afute macho, kisha akaenda bandani kuleta koleo la pili.