Mguu Uliorudi

Binti yangu alizaliwa unyayo wake wa kushoto ukiutazama wa kulia. Hospitalini wakasema utanyooka. Kila wiki wanausukuma kidogo, wanaufunga plasta mpaka juu ya goti, wiki ijayo wanausukuma tena. Kazi yangu ilikuwa moja tu: plasta isiguswe na maji.

Siku moja nilienda sokoni, nikamwacha na mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kwetu Iftin kutoka Hulugho kunisaidia kulea. Niliporudi, plasta ilikuwa uji ndani ya beseni.

"Hooyo, mama yangu, umefanya nini?"

"Nimemfungua. Naa gabar, we msichana, mtoto analia hivyo, wewe unaenda kununua vitunguu? Hata mbuzi hafungwi hivyo. Tazama, si umenyooka? Sema alhamdulillahi."

Ulikuwa umenyooka kweli. Nilimpigia mume wangu, alikuwa Modogashe na lori. Akasema mama hana nia mbaya. Nikakata simu. Nilitaka kupiga kelele, kelele haikuja. Nikamenya vitunguu.

Siku ya kliniki ilikuwa bado. Kila asubuhi nilifunua shuka nikatazama. Vidole vilikuwa vinarudi ndani polepole, kama kitu kinachojua njia ya kwao. Sikulia. Nilifua, nilipika, nilinyonyesha.

Mama mkwe naye alikuwa uani anajijengea aqal, nyumba yetu ya mikeka, maana chini ya mabati halali. Alikuwa amelowesha mizizi ya mgunga, akaikunja kama upinde, akafunga ncha zake kwa kamba ili ikauke hivyo. Nilichukua kisu, nikakata kamba moja. Mzizi ukafunguka wote.

"Wewe! Umepagawa? Huo haujakauka! Ukiufungua mapema unarudi!"

Nilimweka mtoto mapajani mwake, nikafunua mguu.

Aliunyoosha kwa kidole gumba. Alipouachia, ukarudi. Akaunyoosha tena. Ukarudi.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilikuambia usiuloweshe."

"Uliniambia maji. Hukuniambia haujakauka."

Wallahi, ningekuwa na nguvu ningemrushia lile beseni.

Kliniki walianza upya, kama siku ya kwanza. Mtoto alipiga mayowe hadi akakosa pumzi. Mama mkwe alimshika goti kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani.

"Kaza," akamwambia muuguzi. "Usimsikilize."

Mimi nilisimama na mfuko wa nepi. Sikuhisi chochote, hata nafuu.

Nje, kivulini, akanipa mtoto nimnyonyeshe.

"Bado umeninunia?"

"Ndiyo."

"Haya, nuna," akasema, akitandaza shuka lake juu ya plasta mbichi vumbi lisiingie. "Lakini mguu huo ushike vizuri."