Uzi wa Pamba kwenye Mkanda wa Bwana wa Kacyiru

Uzi ule niliubadilisha mimi. Nimekana kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nilikana mbele ya baba, nikakana mbele ya mama, na mara moja nilikana mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Watu wanaonijua kama mtu wa vitabu hudhani dhambi zangu zote zitakuwa za maneno. Hii ilikuwa ya uzi. Niliweka pamba mahali pa nailoni, kwenye mkanda wa mkoba wa ngozi, na mdogo wangu Koleta ndiye aliyeadhibiwa.

Sababu ilikuwa wivu. Ningeweza kusema "utoto", maana watu wa umri wetu hulitupia neno hilo kila walichokosea kabla ya kuota ndevu au kusuka nywele. Lakini utoto uliisha, wivu ukabaki.

Ninyi mliorudi Kigali mkiwa wadogo mtakumbuka siku zile. Sisi tulitoka Karagwe, Tanzania, tukiwa na Kiswahili kingi na vyombo vichache, na kitu kizito kuliko vyote kwenye lori kilikuwa cherehani ya baba. Alipanga chumba kimoja karibu na makutano ya Sonatubes, mlango ukitazama barabara. Ndani kulinukia ngozi, nta ya nyuki na gundi. Nje kulikuwa na vumbi jekundu, na vumbi lile ndilo lililokuwa uwanja wetu wa rede. Mama alituletea viazi vitamu vya moto na ikivuguto, yale maziwa ya mgando yanayomwagika kwa uvivu, nasi tulikula vyote vikiwa na ladha ya gundi kidogo. Hakuna aliyeugua. Leo mpwa wangu akiona nzi mmoja mezani anapaka dawa mikono miwili.

Cherehani ile haikuwa ya nguo. Ilikuwa na mkono mwembamba ulioweza kuingia hadi kwenye pembe ya ndani ya mkoba, na mguu wake ulitembea. Mguu wa cherehani ya nguo hubana kitambaa na kungoja meno ya chini yakivute. Ule wa baba ulijiinua, ukapiga hatua pamoja na ngozi, tabaka la juu lisibaki nyuma ya la chini. Mtu akija kumwomba ushauri wa kununua mashine, swali la kwanza lilikuwa daima, "Ina nguvu?" Baba alimjibu, "Nguvu hata punda anazo. Uliza kama mguu unatembea."

Tulijua mambo ambayo watoto wengine hawakuyajua. Tulijua kwamba uzi ukichomwa kwa kiberiti, nailoni huyeyuka na kuwa shanga ndogo nyeusi, na pamba huwaka ikabaki jivu linalonuka kama karatasi. Tulijua kwamba ngozi huila pamba polepole, kwa dawa zile za kulainishia na jasho la mvaaji, hata mshono mzuri ukafa ukiwa umevaa vizuri. Tulijua kulinganisha uzi na sindano. Unapitisha uzi tunduni, unauvuta kwa mikono miwili ukae mshazari, unaiachia sindano. Ikiteleza taratibu, vimepatana. Ikikwama, uzi ni mnene, nao utachanika njiani. Tulishindanisha sindano kama wenzetu walivyoshindanisha matairi ya baiskeli.

Jioni, kabla ya kufunga, ulikuja mtihani. Baba alitukalisha chini, migongo yetu ikiielekea cherehani, akaharibu kitu kimoja kwa makusudi. Pengine alilegeza skrubu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, pengine alikaza mno uzi wa juu. Kisha alikanyaga pedali, nasi tulitakiwa kutaja kosa kwa kusikiliza tu. Aliyepata alikaa kwenye kiti chake na kushona mstari mmoja.

Koleta alipata kila siku. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, hakuwahi kupanda juu ya nafasi ya kumi na tano darasani, lakini alifumba macho, akainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mvua, akasema, "Bobini imelegea." Na ilikuwa imelegea. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na nilichosikia ni tak-tak-tak. Nilibahatisha kwa sauti ya mtu mwenye hakika, ujuzi ambao baadaye ulinipatia shahada.

"Wewe ni mwalimu," baba aliniambia kwa upole. "Koleta ni fundi."

Ilikuwa sifa. Niliisikia kama hukumu.

Mwaka niliotimiza kumi na tatu, bwana mmoja wa ofisi za serikali za Kacyiru aliagiza mkoba wa nyaraka. Alikuwa mrefu, mwenye tai, mtu wa kwanza niliyemwona akifuta kiti kabla ya kukalia. Baba alikata na kushona mkoba mwenyewe, kisha akatangaza wakati wa chakula kwamba mkanda wa bega angeushona Koleta. Mama alipiga vigelegele. Baba akamwongezea Koleta kipande cha nyama kutoka sahani yake. Nilikitazama kipande kile mpaka kikaisha.

Asubuhi yake nilitangulia kufika. Nilichukua uzi mweusi wa pamba, nikaupitisha mara tatu kwenye nta ya nyuki mpaka ukang'aa kama nailoni, nikauzungushia kwenye kibiringo cha nailoni. Ulikuwa uovu wa mwanafunzi bora, wenye utafiti ndani yake. Koleta alikuja, akakaa, akashona mkanda mzima bila kusimama. Baba alikuwa nje anapima mteja kiuno.

Nilitegemea ukatike siku ileile. Haukukatika. Zilipita wiki, ikapita miezi, na mvua za Aprili zikaja. Mchana mmoja bwana yule alikuwa akivuka barabara pale Sonatubes, mkanda ukaachia, mkoba ukafunguka, na karatasi za serikali zikasambaa kati ya teksi. Alikuja dukani ameloa, ameushika mkanda kama mtu aliyeua nyoka. Baba aliupokea. Alichomoa uzi kidogo kwenye mshono, akawasha kiberiti. Jivu.

"Nani?" aliuliza.

Niliapa sijui. Koleta alitazama vidole vyake vya miguu. Baba alimwomba bwana radhi, akamshonea mkanda upya usiku ule ule, na likizo nzima Koleta akapigwa marufuku kugusa mashine. Kiti nikapewa mimi.

Nilidumu siku nne. Nilivunja sindano saba, na mkanda mmoja niliushona kwa mishono mifupi hivi kwamba matundu yalibanana kama ya stempu, na ngozi ikachanika palepale nilipoishona. Kitambaa ukikifumua kinasahau. Ngozi hubaki na kila tundu. Nje, nilimsikia Koleta akicheza rede, akikwepa mpira wa matambara na kucheka kuliko watoto wote. Nilidhani anajikaza. Nilimwonea wivu hata kwa kujikaza.

Tulikua. Mimi nilienda chuo kikuu, nikapata kazi Kacyiru, ambako nanyoosha lugha ya ripoti ambazo zikishanyooka hulazwa kabatini. Koleta ana karakana Kinyinya. Mikoba yake naiona kwenye mikutano, begani mwa wakurugenzi, ikiwa imekaa wima kama iliyosoma kuliko mimi. Ripoti zangu hakuna aliyewahi kuzitundika begani.

Baba alipofariki, cherehani ilibaki kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Koleta ameiomba mara tatu. Ana mashine za mota, alisema, lakini hana mkono mwembamba kama ule. Mara zote nilimjibu kwamba ni kumbukumbu ya baba. Ilikuwa imefunikwa shuka stoo, na juu yake nilikuwa nimeweka pasi. Mwezi uliopita, aliponiuliza tena baada ya misa, wivu ukanitangulia kinywani.

"Naitumia," nilisema.

"Unashona nini, Dada?"

"Vitu."

Basi ikanibidi nishone vitu. Nilinunua kipande cha ngozi cha kutosha kifuko cha miwani. Dukani mjini nilimwomba binti uzi wa ngozi, akaniuliza nataka rangi gani. Nikauliza ni nailoni au ni nini. Akaugeuza, akautazama, akasema, "Iko nguvu, mama." Nilichagua mnene kuliko wote, nikijiona mjuzi. Nyumbani ukachanika kwenye tundu la sindano kama mkia wa ng'ombe, ndipo nikakumbuka mtihani wa kutelezesha. Nikarudi kununua mwembamba. Safari hii chini ya ngozi nyuzi zikajisokota kama kiota cha ndege. Nilihangaika na bobini saa nzima kabla sijalikumbuka neno la baba: "Uchafu ukionekana chini, kosa litafute juu." Wateja wake wa ofisini walilipenda sana neno hilo, lakini hawakulirudia kazini. Nikautunga upya uzi wa juu, kiota kikatoweka. Sasa cherehani ikaanza kuruka mishono.

Mpwa wangu alinionyesha video ya kijana anayefundisha kushona ngozi. Kijana yule alikuwa anashona huku ameziba masikio kwa muziki. Nilimhurumia, kisha nikajihurumia mimi, maana mishono yake ilikuwa imenyooka. Lakini nilifikiri hivi: enzi zetu vitu vililalamika kabla ya kuharibika. Redio ilikoroma, baiskeli ililia, pikipiki ulijua ni ya nani na inaumwa wapi ikiwa bado mlimani. Leo pikipiki za umeme zinapita Sonatubes kimya kama mizimu, simu inakufa bila kukohoa, na vijana wetu wanaachana bila hata kugombana. Sisi tulifundishwa kusikiliza. Wengine wetu hatukufaulu.

Jumamosi asubuhi nikampigia Koleta.

"Nani amekufa?" aliuliza. Huwa simpigii.

"Hakuna. Sikiliza tu." Niliweka simu kwenye meza ya cherehani, nikakanyaga pedali.

"Rudia, polepole," akasema. Nikarudia. "Sindano imegeuka. Mfereji wake unatazama wapi?"

"Mfereji gani?"

"Mana yanjye, Mungu wangu! Chuo kikuu chote kile! Pitisha ukucha kwenye sindano, utausikia. Uelekeze upande uzi unakotokea."

Nikailegeza sindano, nikaigeuza, nikaikaza. Nikashona mishono kumi. Hakuna uliorukwa.

"Hapo sasa," akasema.

Ningekata simu pale. Badala yake nikamwambia, "Koleta, ule uzi wa mkanda wa bwana wa Kacyiru. Nilibadilisha mimi."

Akaanza kucheka, kicheko kilekile cha uwanja wa rede.

"Dada, kwani unadhani sikusikia? Nailoni ikivutwa kwenye ngozi inapiga mluzi. Ule wako ulikuwa umenyamaza kama mtu yuko kwa kitubio. Mshono wa tatu tu nilijua."

"Kwa nini hukusimama?"

"Mlikuwa mnacheza nje. Kila siku mlikuwa mnacheza, mimi niko kwa kiti na baba ananisifu. Nilikuwa nakuonea wivu. Nikasema, huu uzi ukikatika, baba ananifukuza kwa mashine. Nikakanyaga pedali." Akavuta pumzi. "Lakini miezi mitano, Dada! Nilisali rozari nzima ukatike. Hata ubaya huwezi kuufanya haraka."

Nilikaa nikitazama kipande changu cha ngozi. Miaka yote ile nilikuwa nimeitunza dhambi ile nikiamini ni kazi yangu, kumbe hata hiyo aliishona yeye.

"Njoo uchukue cherehani," nikasema.

"Kweli? Leo?"

"Leo."

Nikamsikia akiita mtu atafute gari. Kisha akarudi kwenye simu. "Hicho unachoshona ni nini?"

"Kifuko cha miwani."

"Maliza kwanza. Nakusikiliza."

Nikaweka simu mezani, nikashusha mguu, nikakanyaga. Nilipita upande mmoja, nikageuza pembe, nikapita wa pili. Mishono ilikuwa inakwenda vizuri, moja, moja, na kwenye simu Koleta alikuwa akisikiliza.

"Simama," akasema Koleta. "Bobini imekwisha."

Nikainua mguu, nikageuza ngozi, nikatazama. Ilikuwa imekwisha.