Notisi ya Shamba la Mambrui

Kabla ya yote nitakutajia waliokuwapo siku ile, mwanangu, kwa sababu kosa langu limo humo humo katika kuwataja. Nilikuwapo mimi, Rehema, kifungua mimba wa marehemu baba yetu. Alikuwapo mdogo wangu Athman, ambaye ndiye baba yako, wakati huo kijana wa kiwanda cha vitasa hapa Saltley, huku Uingereza. Alikuwapo kitinda mimba wetu, Mwanaidi, aliyekuwa akisomea uuguzi, na akija kwangu alikuwa anavua viatu mlangoni na kuketi hapo hapo kwa uchovu. Alikuwapo Mzee Shee wa Pate, baharia mstaafu aliyepanga chumba changu cha chini. Na alikuwapo Mwingereza mmoja, Bwana Pritchett, aliyetumwa na kampuni iliyokodi shamba letu kutafuta gesi. Watu watano. Nikiwahesabu leo, waliobaki ni mimi na Mwanaidi.

Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wiki ile mafundi walipokuwa wakipita mtaa wetu nyumba kwa nyumba kubadilisha majiko. Gesi ya zamani, iliyotengenezwa kwa makaa, ilikuwa inaondolewa, na mahali pake inaletwa gesi iliyochimbwa chini ya bahari. Jiko langu lilikuwa limeng'olewa vichomeo na kubandikwa karatasi ya onyo. Kwa hiyo nilichemsha chai sakafuni, kwenye stovu ya mafuta ya taa, mgeni akinitazama.

Mzee Shee alicheka hadi akakohoa. "Bwana wa gesi amekuja, nyumba haina gesi. Mwambieni atutolee kidogo mfukoni."

Mwanaidi hakumtafsiria.

Ngoja nikueleze shamba lenyewe, kwani wewe umelisikia tu kwa jina. Lilikuwa nyuma ya Mambrui, eka kumi na mbili, na minazi, na kisima cha maji baridi. Mama yetu alitangulia, baba akamfuata baada ya miaka miwili. Mimi nilikuwa darasa la tano. Siku ya pili baada ya arubaini ya baba nilirudisha vitabu shuleni, na sikuvichukua tena. Tulilelewa na Shangazi Zuhura, dada yake baba, katika nyumba iliyokuwa ndani ya shamba hilo. Nilipofika umri wa utu uzima, hati iliandikwa kwa jina langu, kwa niaba ya wenzangu.

Kisha kampuni ikaja. Walitueleza vizuri kwamba kilichomo chini ya ardhi ni cha serikali, na serikali imewapa ruhusa ya kukitafuta. Lakini ardhi ya juu ni yetu, na hawawezi kuweka mitambo bila kuikodi kwetu. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Minazi ilikatwa, uzio ukazungushwa, kisima kikabaki ndani. Shangazi alihamia chumba kimoja kwa jamaa mjini. Hakulalamika. Mwanaidi alitakiwa asome, nami nilikuwa naolewa na kuja huku. Hapa nilipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, upande wa Harborne, na baadaye wadogo zangu wakanifuata. Mume wangu alifariki mapema. Nikaendelea kufua.

Mwaka wa tano ulipoingia, Shangazi alituma barua iliyoandikwa na mtoto wa jirani. Alisema amechoka kugonga mlango wa wenyewe kila anapotaka kwenda msalani. Alisema ameotesha miche ya minazi katika madebe, kumi na minne, na anaisogeza kivulini kila adhuhuri. Nikimrudishia shamba ataipanda na kufia hapo. Hakuomba kitu kingine, na mtu huyo alikuwa ametupatia sisi umri wake wote.

Sasa turudi Jumamosi ile. Bwana Pritchett alikuwa mtu mpole, mwenye kofia aliyoipakata mapajani kama paka. Alikuwa amekuja kuuliza kama tutapenda kuendelea.

"Mwambie hapana," nilimwambia Mwanaidi. "Mwambie mkataba ukiisha tunataka shamba letu. Mwambie nasema haya mbele ya watu hawa, na wote wamesikia."

Mwanaidi akatafsiri. Bwana Pritchett aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu katika daftari dogo, akasema ameelewa kabisa. Akala mahamri mawili ya jana, akasifu chai, akampa kila mmoja wetu mkono, hata Mzee Shee. Nilipofunga mlango nilihisi nimetua mzigo wa miaka.

Athman hakuwa ametua kitu. Alikuwa ameshika mkataba, anageuza kurasa.

"Dada, tumwandikie barua."

"Barua ya nini? Si amesikia?"

"Amesikia. Tuandike hata hivyo. Naandika mimi, wewe utie sahihi tu. Humu ndani kuna mahali wanataja maandishi."

"Athman, mtu ameketi kwangu, amekula kwangu, amenipa mkono mbele ya mtu mzima kama Mzee Shee. Nikimfuata na barua kesho, si nimemwita mwongo?"

"Hii si Mambrui, Dada."

"Na mimi si mtoto wako."

Akakunja mkataba, akauweka juu ya kabati. Mzee Shee alisema, akijifanya anatazama stovu, "Kijana ana hoja," nami nikajifanya sikusikia.

Hapa nataka kukwambia kweli, mwanangu, maana nimechoka kuizunguka. Heshima kwa mgeni ilikuwa nusu ya sababu. Kwetu neno lililotoka mbele ya mashahidi lilikuwa limekwisha. Ndoa zilifungwa hivyo, mipaka ya mashamba iliwekwa hivyo. Nusu ya pili ilikuwa aibu. Athman angeandika barua ile kwa Kiingereza kizuri, nami ningetia sahihi kitu nisichoweza kukisoma. Mimi niliyeacha shule ili yeye asome. Sikutaka aone.

Miezi ikapita. Siku ya mwisho ya mkataba ilipofika nilipika pilau. Wiki iliyofuata ikaja bahasha. Mwanaidi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Kampuni ilikuwa inatushukuru kwa kuendelea nao kwa miaka mingine mitano.

Nilipanda basi hadi Lozells, kwa Bwana Kanji. Alikuwa Mhindi wa Mombasa aliyekuja na familia yake miaka michache kabla, na alikuwa anauza unga, viungo na nazi kavu katika duka dogo. Lakini Mombasa alikuwa karani wa wakili kwa miaka ishirini, na watu wa pwani tulimpelekea karatasi zetu kama tunavyompelekea daktari vidonda. Alipima kwanza dengu za mteja, akafunga, akafuta mikono, ndipo akaisoma barua ya kampuni.

"Bi Rehema, huyu bwana ulimpa nini?"

"Nilimpa neno. Mbele ya mashahidi."

"Na chai?"

"Na chai."

"Na mahamri?"

"Mawili."

"Basi amekula, amekunywa, na shamba amekwenda nalo. Barua ulimpa?"

Nikamtolea mkataba mkobani. Akaufungua, akaweka kidole kwenye mstari, akanitafsiria polepole. Mwenye ardhi akitaka kuumaliza mkataba, sharti atoe notisi kwa maandishi, nayo imfikie mpangaji ofisini kwake si chini ya miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho. Asipofanya hivyo, mkataba utaendelea kwa muda mwingine kama ule wa kwanza.

"Kwa hiyo Bwana Pritchett alinidanganya?"

"Sijui. Huenda alifika ofisini akasema. Huenda alisahau. Kortini hawatakuuliza alisikia nini, dada yangu. Watakuuliza karatasi iko wapi." Kisha akanitazama juu ya miwani yake, bila kicheko tena. "Nyumbani kwako hakuna anayejua kusoma?"

Swali hilo lilinichoma kuliko barua ya kampuni.

Nilimwandikia Shangazi, kwa Kiswahili, kwa mkono wangu. Niliandika kwamba kampuni imetuzidi ujanja na kwamba hatukujua. Neno hilo, hatukujua, nililiandika kwa wino mweusi na najua hata lilikuwa mstari wa ngapi. Jibu lake lilikuja kwa Athman, si kwangu. "Athman, wewe mwanamume wa nyumba hiyo, wewe uliyesomeshwa kwa minazi yangu, ulikuwa wapi dada yako akidanganywa?"

Athman aliisoma mezani kwangu. Nilimngoja aseme. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Chai imepoa, Dada." Akanywa hivyo hivyo. Hakumwandikia Shangazi kwamba alinionya. Nami sikumwandikia.

Miaka mitano ya pili, mwanangu, ilikuwa mirefu. Miche ilizidi madebe, mizizi ikatoboa bati. Shangazi akaigawa kwa majirani, mmoja mmoja. Mwaka wa nne wa muda huo alilala katika chumba kile cha watu, hakuamka. Alizikwa makaburi ya mjini, kwani kaburi la ndugu yake, baba yetu, lilikuwa shambani, ndani ya uzio.

Tulipobakiwa na miezi sita nilimwita Athman. "Andika," nikamwambia, "kisha nisomee neno kwa neno, kisha mimi nitanakili kwa mkono wangu." Ilinichukua siku tatu kunakili ukurasa mmoja. Niliipeleka posta mwenyewe, ikasajiliwa, nikapewa kipande cha karatasi chenye mhuri. Ndicho kile ulichokiona katika kopo la biskuti, ukaniuliza, kwa Kiingereza chako, kwa nini sikitupi.

Hata hivyo hawakuondoka kwa wepesi. Muda ulipokwisha, mitambo ilikuwa bado ipo, na ikaja hundi ya kodi ya miezi inayofuata, na barua tamu. Mwaka huo kiwanda kilikuwa kimempunguza Athman kazini, na wewe ulikuwa unanyonya. Tuliitazama hundi hiyo juu ya meza siku nzima. Bwana Kanji alikuwa amenionya: ukipokea kodi baada ya mwisho, utakuwa umewapokea upya mwenyewe. Athman ndiye aliyeitia katika bahasha na kuirudisha. Akasema, "Safari hii tumejua, Dada." Nilijua alichokuwa anakigusa. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tukadai kila kilichokuwa chetu katika mkataba: wazibe shimo kwa saruji, waondoe vyuma na uzio, wasawazishe ardhi, wasafishe kisima. Na tukadai hati ya kuachilia, iliyotiwa sahihi, tuipeleke kwa msajili wa ardhi ili jina lao lifutwe juu ya shamba letu. Hiyo ilichukua barua tisa na karibu mwaka mzima. Ilipofika, hapakuwa na pilau. Niliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari.

Sasa shamba linakuja mikononi mwako, mwanangu, na umeniambia kwamba kuna watu wengine wameanza kuuliza juu yake. Sikukatazi kukodisha. Ila kabla ya kusoma watakachokulipa, soma namna ya kuwatoa. Mpe mgeni chai, tena nzuri, lakini notisi iende kwa maandishi, mapema, na risiti ya posta uitunze. Siku ya mwisho ikipita usipokee hata senti yao. Usiseme wameondoka mpaka shimo limezibwa na hati ya kuachilia iko mkononi na rejista imesafishwa. Na kama kuna mdogo wako aliyesoma kuliko wewe, mwache akusomee. Aibu ya dakika moja ingeniokolea miaka mitano ya mtu mwingine.

Mungu akupe mkono usiochoka kuandika na moyo usioona aibu kuuliza. Akujalie watu wa kukwambia ukweli, na akujalie uwasikie wangali hai. Ardhi hiyo ikulishe, ikupumzishe, wala isikufanyie wewe ilivyonifanyia mimi.

Ukifika Mambrui panda minazi kumi na minne. Magoti yangu hayatanifikisha. Baba yako alibeba lawama yangu hadi kaburini, na leo wewe mwanawe nimekwambia. Shangazi bado sijamwambia.