Mabel Anasindikizwa

Kinyesi kwanza, chai baadaye. Annonciata Nabintu anasukuma toroli kwenye sakafu ya saruji, pumzi yake ikitoka kama moshi. Nyuma yake anakuja Mabel, tembo jike wa tani tatu, taratibu, akichechemea mguu wa kushoto.

"Yaya, leta mguu," anasema, na tembo anauinua mguu na kuuweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Yaya, kwa watu wa Bukavu alikotoka Annonciata, ni dada mkubwa.

Ni neno lake la mwisho kwa Mabel leo. Wakimaliza kuosha miguu, anatakiwa kunyamaza.

Ni Novemba 2006, katika bustani ndogo ya wanyama nje ya Birmingham, ng'ambo ya Great Barr, mahali ambapo mvumo wa barabara kuu ya M6 haukomi. Mabel ana miaka zaidi ya arobaini, na karibu yote ameipitisha akisimama juu ya saruji. Mwenzake alikufa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo hajasikia sauti ya tembo mwingine.

Sasa kuna hifadhi kusini mwa Marekani iliyokubali kumpokea. Kuna udongo, miti, bwawa, na majike wengine wazee. Lakini nafasi haitasubiri. Jumatatu Mabel asipoingia kwenye kasha la kusafiria, nafasi hiyo atapewa tembo mwingine, na Mabel atabaki hapa baridi nyingine nzima, na daktari amekwisha kusema kwamba ule mguu hauna baridi nyingi mbele yake.

Annonciata, mwenye miaka arobaini na sita, alifika Uingereza akiwa mkimbizi, na wanawe wawili. Aliajiriwa kufagia. Mtunza wanyama mmoja alipoacha kazi, yeye akapewa ndoo ya mboga na kuambiwa asiogope. Aliogopa mwaka mzima.

Nyumbani kwake Newtown, mwanawe Landry amehamia kwa mchumba wake. Binti yake Gisèle, wa miaka kumi na sita, anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Basi maneno ya Annonciata yaliishia kwa Mabel: bei ya mihogo sokoni, maumivu ya goti, msiba wa dada yake aliyezikwa Bukavu bila yeye kuwepo.

"Yeye hanijibuke," ananiambia, "lakini anageuza sikio. Pale nyumbani hata sikio hawageuze."

Kasha la chuma lilikuja mwezi wa nane. Liliwekwa uani, milango wazi, matofaa yametupwa ndani, ili Mabel alizoee. Hakulizoea. Alinyoosha mkonga, akachukua tofaa la karibu, akarudi zake.

Hapo ndipo Annonciata alipofanya kosa ambalo mtu wa kwao angelifanya bila kufikiri. Kwao mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unatembea naye, mnaongea njiani mpaka kona. Akatangulia ndani ya kasha huku akimpigia Mabel soga, na Mabel akamfuata kama bibi harusi. Watunza wanyama wenzake wakapiga makofi.

Wiki nzima walifanya hivyo. Ndipo wakagundua kwamba Mabel amejifunza jambo moja tu: kasha ni mahali alipo Annonciata. Asipokuwemo, hapiti kizingiti.

Na Annonciata hasafiri. Nafasi ya msindikizaji ni moja, na viza aliyoomba kwa hati yake ya ukimbizi haikutoka. Anayekwenda ni Gurmeet, mtunza wanyama mkuu, Singasinga mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake ni cha dukani kwa baba yake.

"Mama Landry, umemzoesha vibaya," alimwambia. "Sasa wacha akusahau kidogo."

"Wewe ulisahau Kisumu?"

Gurmeet alimpa kazi ya kukatakata karoti jikoni, mlango ukiwa umefungwa, Mabel asimwone wala kumsikia.

Ndiko ninakomkuta baada ya kuosha miguu. Kisu kiko mkononi, karoti haikatwi. Nje, Gurmeet anaita kwa Kiingereza. Mabel ananguruma, sauti ya chini inayotetemesha sufuria. Annonciata anaziba mdomo kwa kiganja.

Gurmeet anaita tena. Kisha bati la sakafu ya kasha linalia, mguu mmoja, wa pili, na baada ya muda mrefu, wa tatu na wa nne. Minyororo inagonga. Mlango unashuka.

"Ameingia," anasema Annonciata, na kuanza kukata karoti kwa kasi. Machozi yanaanguka kwenye ubao, naye anayafuta pamoja na maganda. "Bon. Ni vizuri. Njo vile tulikuwa tunataka."

Ninamuuliza Jumatatu atafanya nini. Tayari ameomba ruhusa. Lori litakapotoka langoni polepole, atatembea nyuma yake mpaka kwenye mzunguko wa barabara.

Tatizo ni kurudi. Kwao, mwenyeji hageuki mpaka mgeni amwambie, basi, rudi sasa.

"Mabel hataniambia," anasema. "Nimeomba Gisèle akuje. Kazi yake ni moja tu, aniambie nirudi. Hata kwa Kiingereza."