Uzi Mweupe Juu ya Mti wa Kaki

Huu ni msimu wa joto wa pili baraza ya Teizo haina sauti. Wanaopita njia ya chini kwenda mashamba ya chai hupunguza mwendo wakifika pale, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kwa miaka arobaini kulikuwa na mvumo chini ya upenu ule, kuanzia Juni mpaka baridi ya kwanza: masanduku manane ya mbao, na ndani ya kila moja kiota cha nyigu wadogo weusi wa ardhini, wale tunaowaita hebo. Zimebaki alama nane za mraba ukutani, mahali ambapo jua halikufika.

Tunaofuga hebo tuko wengi kijijini. Kila Novemba tunabeba viota vyetu mpaka uwanja wa shule ya zamani, vinapimwa, mwenye kiota kizito anapigiwa makofi, kisha mabuu yanaishia kwenye sufuria ya wali. Teizo alikuja na vyake kama wengine, lakini si mizani iliyomkalisha kwenye kigoda mbele ya sanduku mpaka chai yake ikapoa mkononi. Alipenda kutazama. Alijua nani amerudi na kipande cha kiwavi, nani na tone la maji, nani amezeeka na mabawa yake yameanza kuchanika pembeni. Jirani yake Imai, mshindani wake wa kudumu pale kwenye mizani, alikuwa akimwambia kwamba angemtazama mkewe namna ile hata siku moja tu, mama wa watu angezirai. Kinue, mkewe, akisikia hivyo hujibu kwamba yeye hana mabawa, atazamwe ana nini.

Aliyemzidi Teizo katika mambo haya alikuwa binti yao wa pekee, Chinatsu. Hebo hutafutwa hivi: unachomeka kipande cha ngisi kwenye kijiti, nyigu anakuja kukata nyama, nawe unampa kidonge kidogo ulichokifunga uzi mweupe. Anaruka nacho kwenda kwao, uzi unapepea nyuma yake, na kazi inayobaki ni kukimbia huku unatazama juu. Wengi tumeishia mtoni na viatu vyetu. Chinatsu alikuwa na miaka saba alipoanza kuushika uzi kwa macho mpaka ng'ambo ya bonde, baba yake akikimbia nyuma ya sauti yake.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, wakichimba kiota, nyigu mmoja alimchoma nyuma ya sikio. Koo likafunga. Hospitali walimrudisha, lakini daktari alisema damu yake imeshaukataa ule mwiba, na ukimpata mwingine huenda wasiwahi. Mwaka huo huo alishuka kwenda jijini Nagoya, akapata kazi, akaolewa huko. Akawa anakuja nyumbani Januari tu, nyigu wakiwa wamekufa na malkia wamelala chini ya magome. Miaka kumi na tisa hakuiona nyumba yao ikiwa imezungukwa na kijani.

Kila Januari, akimsindikiza kwenye gari, Teizo alimwambia kwamba mwaka huo ataacha. Sidhani kama alikuwa anadanganya. Ila Mei ikifika, malkia wa kwanza akipita na mvumo wake mzito juu ya majani ya chai, ahadi ilimtoka kama inavyomtoka mlevi. Juni masanduku yalikuwa manane.

Kinue alianguka jikoni mwezi wa Agosti, na hakuamka tena. Chinatsu alikuja. Siku ya mazishi alikaa ndani ya gari langoni, vioo vimepandishwa, kwa sababu upenu mzima ulikuwa unachemka. Jeneza la mama yake lilitoka likapita mbele ya masanduku yale. Gari la maiti likapiga honi yake ndefu ya kuaga, na yeye akakutanisha viganja nyuma ya kioo. Teizo aliwaambia watu kwamba mambo yalimzidi, hakupata nafasi ya kuyahamisha. Hebo huhamishwa usiku mmoja, wakiwa wote ndani. Kati ya kifo na mazishi kulikuwa na siku mbili, na usiku wake. Sote tulijua, naye alijua kwamba tunajua.

Majira ya kuchipua yaliyofuata aliyashusha masanduku. Imai alimkuta juu ya ngazi.

"Umeacha nyigu?" alimwuliza. "Na kupumua utaacha lini?"

"Nataka mwanangu aje Agosti."

Imai akaishika ngazi.

Chinatsu alikuja siku za Bon, wafu wanapokaribishwa nyumbani kwao, akiwa na sindano yake ya dharura mkobani. Siku mbili alikaa barazani akinywa chai ya shayiri na kuutazama mti wa matunda ya kaki, ambao tangu usichana hakuwa ameuona na majani ila kupitia kioo cha gari. Siku ya tatu walipanga kupanda pamoja kwenye kaburi la Kinue kuliosha jiwe. Asubuhi hiyo Teizo alikuwa anachoma samaki nje, na hebo mmoja akatua kwenye sahani.

Chinatsu aliinuka bila haraka, akaingia ndani, akafunga mlango wa kioo. Teizo angeweza kumfukuza yule nyigu kwa kitambaa. Lakini alimwona anakata nyama kwa utulivu, kama mteja wa kila siku, akajua kwamba kiota hakiko mbali. Akaenda kwenye droo kutafuta uzi. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alifunga kidonge cha samaki kwa kupapasa, akakosea mara mbili. Kisha akampigia binti yake simu, wakiwa wametenganishwa na kioo tu.

"Panda mpaka dirisha la juu," alimwambia. "Uzi mimi siuoni tena."

Akasikia miguu yake kwenye ngazi za mbao.

"Haya, Baba. Mwachie."

Hebo akaruka.

"Kushoto. Umepita juu ya mti wa kaki. Sasa paa la Imai. Acha kutazama juu, utaanguka. Tazama unapokanyaga, wa kutazama juu ni mimi."

Waliokuwa mashambani walimwona mzee wa miaka sabini na sita anakimbia na simu sikioni huku anacheka. Alipita kwa Imai, akavuka kijito, akaanza kupanda.

"Umeshuka," Chinatsu alisema.

"Wapi?"



"Kwa Mama."

Jioni hiyo nilimsaidia kuchimba. Tundu lilikuwa chini ya ngazi ya jiwe, pale pale anapochuchumaa mtu anayemwagia kaburi maji. Tuliwapulizia moshi, naye akakitoa kiota kwa mikono mitupu, kikubwa kama kabichi, akakiweka sandukuni polepole. Akaniomba nikichukue kwangu, nyuma ya kilima. Njiani alinisimulia yale ya kwenye simu.

Kesho yake walipanda wote wawili, Chinatsu akiwa amejifunika wavu usoni. Alilimwagia jiwe maji, akaweka maua na udi. Alimwuliza baba yake bila kugeuka:

"Huku juu viko vingapi vingine?"

"Sijui. Baraza niliweza kuifagia. Mlima siwezi."

Akamaliza kufuta jiwe.

"Basi safari hii shuka wewe, Baba."

Alishuka Oktoba. Kiota kile sikukipeleka kwenye mizani. Niliacha malkia watoke na kwenda zao, na mwaka huu nina sanduku moja ambalo naamini ni la uzao wao. Jumapili Teizo hunipigia. Huuliza wanatoka saa ngapi, wanarudi na nini, mabawa yameanza kuchanika au bado. Nikimaliza kujibu huniomba niisogeze simu mlangoni mwa sanduku, na mimi huishikilia pale mpaka mkono uchoke.

Anaishi Nagoya, ghorofa ya nne, kwa binti yake. Huja huku Januari, wakiwa pamoja.